Kitabu cha maisha yangu kinahitaji sehemu ya pili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya watu walioamua kuandika maisha yao: mama ntilie aliyefikia kufungua hoteli, mwalimu aliyeacha chaki akaenda kufuga, kijana aliyelala stendi miezi minne kisha akatoboa. Wasomi huita vitabu hivi tawasifu. Wauzaji huviweka kwenye rafu ya hamasa, karibu na vya kujitambua. Kitabu kikishazinduliwa, keki ikakatwa, maboksi yakaanza kupungua chini ya kitanda, mwandishi hunipigia simu na swali moja. Nimelijibu mara nyingi mno, tena usiku, ndiyo maana nimekaa nikaandika ukurasa huu.

Niambie bila kuzunguka. Ninahitaji sehemu ya pili au sihitaji?

Huhitaji. Hilo ndilo jibu ninalowapa wengi, na wengi wao hununa.

Kitabu cha hamasa kina umbo lake: msoto, kisha siku mambo yalipogeuka, kisha kutoboa. Msomaji anakifunga akiwa amepumua. Sasa sehemu ya pili inamkuta mtu ameshakaa kwenye kiti, na aliyekwisha kukaa hana safari ya kusimulia. Matokeo yake nayajua kabla sijafungua mswada: orodha ya tuzo, semina za nje ya nchi, majina ya wakubwa uliopiga nao picha, na sura moja inayoitwa "Siri za Mafanikio" yenye mambo ambayo hayajawahi kuwa siri. Msomaji aliyekupenda ulipokuwa na ndala iliyofungwa kwa waya hatakufuata mpaka kwenye ukumbi wa mkutano Dubai. Si kwamba ana wivu, hana tu la kufanya humo.

Mbona wasomaji wenyewe ndio wanaoniomba?

Nenda kazisome tena zile jumbe zao, taratibu. Nimewahi kuketi na mwandishi mmoja tukazipitia zote alizopokea kwenye simu, na hakuna hata aliyeomba kitabu. Kuna waliotaka mtaji. Kuna waliotaka namba ya yule mzee aliyempa kazi ya kwanza. Wengine walikuwa na swali juu ya jambo lililorukwa: "Ulisema ulilala stendi miezi minne, ulikuwa unaoga wapi?" Na mmoja aliandika neno moja tu: "Chai." Yaani hakuamini.

Yule wa kuoga na yule wa chai ndio wasomaji wa maana. Wote wawili wamegusa mahali ambapo kitabu cha kwanza kilipita mbio. Jambo hilo halihitaji kitabu kipya, linahitaji toleo jipya lenye kurasa kumi zaidi pale pale palipokosekana. Nitalirudia huko mbele.

Basi ni lini jibu linakuwa ndiyo?

Pale anayesimulia anapokuwa si yule tena. Kuongezeka miaka peke yake hakutoshi.

Mfano wa karibu tunao, tena ni wa zamani kuliko rafu zote za hamasa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, Januari 1909, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni: forodhani, idara ya wanyama, ofisi ya wilaya, kisha upimaji ardhi. Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949. Ndani yake mna shairi la kumlilia mkewe Amina, mna mausia ya kishairi kwa bintiye na kwa mwanawe. Mtu wa kipato cha kawaida anawaeleza wanawe namna ya kuishi kwa adabu katika nchi isiyo mikononi mwao. Kingetoka leo, muuza vitabu angekiweka kwenye hamasa bila kuuliza.

Na kina sehemu ya pili, ambayo hakuiita Maisha Yangu Namba Mbili. Aliiita Baada ya Miaka Hamsini. Jina hilo linakuonyesha msimuliaji amesimama wapi: amepanda kilima, amegeuka, anatazama alikopita. Alitimiza hamsini Januari 1959 na akafariki Juni 1962. Hesabu mwenyewe, ni miaka mitatu na nusu hivi. Mwaka 1966 vitabu vyote viwili vikachapishwa pamoja katika jalada moja, na leo ukikinunua unapata mtu mmoja mwenye sauti mbili.

Kwa hiyo mtihani ninaowapa wateja ni huu: kipe kitabu chako cha pili jina ambalo halina neno "pili," halina "zaidi," halina "muendelezo," na halikopi jina la cha kwanza. Likikushinda wiki nzima, bado huna kitabu.

Kitabu changu kiliishia kwenye ushindi. Baada ya ushindi mtu anaandika nini?

Swali gumu, na limewashinda walio wakubwa kuliko sisi. Nelson Mandela alianza kuandika maisha yake kwa siri kisiwani Robben katikati ya miaka ya 1970, karatasi zikifichwa askari wasizione. Kazi hiyo ndiyo mzizi wa kitabu kilichotoka mwaka 1994, mwaka ule ule alioapishwa kuwa rais. Miaka 27 ya kifungo, kisha mlango unafunguka.

Oktoba 1998, akiwa bado madarakani, akaanza sehemu ya pili, ya miaka ya urais. Aliandika kwa mkono wake, zikafika sura kama kumi, kazi ikakwama hapo. Alifariki Desemba 2013 bila kuimaliza. Aliyekuja kuikamilisha, kwa kutumia rasimu na maandishi mengine aliyoyaacha, ni mwandishi Mandla Langa, na kitabu kikatoka mwaka 2017.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mtu aliyeweza kuandika akiwa mfungwa, kwa kuibia, hakuweza kumaliza akiwa huru mwenye meza, kalamu na wasaidizi. Umri ulikuwepo, shughuli zilikuwepo, hilo silikatai. Lakini naona pia kwamba jela ina umbo la hadithi na ofisi haina. Ofisini kuna vikao, kuna maafikiano ambayo hayamfurahishi yeyote, kuna watu walio hai ambao ukiwasema kweli watakupigia simu kesho yake. Mwenye hoteli aliyekuwa mama ntilie yuko hapo hapo. Miaka ya jiko la mkaa anaisimulia akiwa amefumba macho, ila miaka ya kodi, wizi wa kaunta na wafanyakazi wanaoacha kazi bila kuaga inamtoa jasho.

Ukiiweza hiyo ya pili, iandike. Ni adimu kwelikweli. Kwenye rafu zetu vimejaa vitabu vya jinsi ya kupata, na jinsi ya kukaa na ulichokipata hakuna anayeiandika.

David Goggins ametoa viwili na vyote vimeuzwa. Kwa nini mimi nisitoe?

Kwa sababu mauzo si hoja, ila tumtazame, maana vijana wengi wanaoniletea miswada wamemsikiliza yeye. Askari wa zamani wa kikosi maalumu cha jeshi la majini la Marekani, utoto wa kipigo, mwili uliokuwa mzito kupita kiasi akaupunguza zaidi ya kilo 45 ndani ya miezi mitatu ili apokelewe mafunzoni, kisha mbio za maili mia na kuendelea. Kitabu cha kwanza kilitoka 2018, cha pili 2022.

Cha pili kina sehemu inayostahili kuwepo, nayo ni ile ya moyo. Mtu aliyewaambia mamilioni kwamba mwili ni wa kuamrishwa tu, anajikuta hospitalini mapigo yake ya moyo yamevurugika. Hapo pana swali jipya: ukiwa umejenga jina lako lote juu ya kutokukoma, siku mwili ukigoma wewe ni nani? Kurasa hizo nilizisoma kwa makini. Sehemu kubwa ya zilizobaki, kwa maoni yangu, ni kiporo: mbio nyingine, maumivu mengine, kelele ile ile. Kiporo cha wali kina utamu wake asubuhi, ila hukipiki ukamwalika mgeni.

Kwa hiyo ukimwiga, iga zile kurasa za hospitali.

Biashara niliyoisifia kwenye kitabu cha kwanza imekufa. Si bora nikae kimya?

Kaa kimya kama unataka, hakuna atakayekushtaki. Lakini swali hili ndilo linaloniamsha.

Nilihariri kitabu cha bwana mmoja aliyeanza na mkokoteni wa maji akafikia fremu tatu za vifaa vya ujenzi. Sura ya tisa ilihusu mikopo. Aliandika kwamba mkopo ni daraja, mwoga ndiye asiyevuka. Sentensi hiyo niliipenda, nikaiacha, tena nikashauri iwekwe nyuma ya jalada. Baada ya miaka michache akaja na mswada wa pili. Nikausoma, nikaona fremu bado ni tatu. Mimi nilipita pale karibu kila wiki na nilijua iliyobaki ni moja, nyingine anauza mtu wa simu na nyingine ni saluni.

Nikamuuliza, "Kaka, fremu mbili ziko wapi?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kusema, na hakukoma mpaka chai ikapoa. Mikopo ya kausha damu, mmoja wa kulipia mwingine. Simu inazimwa saa kumi na mbili asubuhi. Mizani inauzwa. Mkewe anarudi kukaanga maandazi barazani, mahali alipokuwa ameahidiwa hatarudi. Na kubwa kuliko yote, siku kijana asiyemjua alimsimamisha njiani akamwambia, "Mzee, nilikopa kwa sababu ya sura yako ya tisa." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anasalimia.

Nikamwambia kitabu ndicho hicho ulichokisema sasa hivi, na huo mswada uuweke kabatini. Akanijibu kwamba mtu wa hamasa hawezi kujivua nguo mbele za watu.

Hapo ndipo nilipo tofauti na wahariri wenzangu kadhaa. Wao wanaona sehemu ya pili kama bidhaa. Kwangu mimi, kwa kitabu cha hamasa hasa, inaweza kuwa deni. Riwaya ikikosea haimfilisi mtu. Kitabu kilichosema "fanya kama nilivyofanya" kina watu walioinuka wakafanya. Maisha yako yakija kuonyesha kwamba ushauri ule ulikuwa nusu ya habari, nusu iliyobaki ni haki yao. Na mimi niliyeipeleka ile sentensi kwenye jalada nimo kwenye deni hilo.

Kama unaogopa aibu, nakuhakikishia hivi: yule aliyeandika "Chai" hakuna kitabu kitakachomfanya akuamini isipokuwa hicho.

Je, si naweza kurekebisha tu kile cha kwanza?

Mara nyingi ndiyo, na ni nafuu. Ukichapa upya bila kugusa maneno, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inabaki ile ile. Ukiongeza sura au kubadilisha mambo ya msingi, hilo ni toleo jipya, na linahitaji namba mpya. Kitabu cha pili kina namba yake peke yake. Kwa Tanzania namba hizi hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Jambo ambalo waandishi wengi hawaambiwi: mashine kubwa za kiwandani huchapa karatasi inayokunjwa kuwa kurasa 16 kwa mara moja. Ukiongeza kurasa 3, unaweza kujikuta unalipia 16. Kwa hiyo muulize mchapaji idadi ya kurasa kwanza, ndipo uamue urefu wa nyongeza. Kurasa 14 za kweli mwishoni, zenye kichwa kama "Yaliyotokea baadaye," zimewatosha wateja wangu wengi waliokuja wakidai wana kitabu kizima.

Nisubiri muda gani?

Mpaka uache kukihubiri cha kwanza. Ukiwa bado unakinukuu kila jukwaani, bado umo ndani yake.

Lakini kusubiri nako kuna hasara. Mfanyabiashara Reginald Mengi alizindua kitabu cha maisha yake Dar es Salaam mwaka 2018, na Mei 2019 akafariki. Kwake kitabu kimoja kimebeba yote. Shaaban Robert naye nimekwisha kukuhesabia. Sikutishi. Nasema tu kwamba daftari la maandalizi lianze leo hata kama kitabu chenyewe ni cha baada ya miaka saba. Andika tarehe, andika bei, andika nani alisema nini. Kumbukumbu ya mtu aliyefanikiwa ina tabia ya kujipiga pasi.

Mtalaka wangu alikuwa shujaa wa kitabu cha kwanza. Nifanyeje?

Usimfute, wasomaji wanamkumbuka. Usimlipize kisasi pia, maana yeye hana kitabu cha kukujibu. Andika lililokuhusu wewe kwenye kuachana kwenu, mpelekee kurasa hizo kabla ya kiwandani, na akikuomba uondoe jambo la watoto, liondoe bila mjadala. Na watoto vilevile: aliyekuwa mtoto wa miaka tisa mwenye kukojoa kitandani kwenye sura ya nne sasa yuko chuo. Muulize.

Kitabu changu niliandika kwa Kiingereza. Sehemu ya pili niiandike kwa lugha gani?

Huenda sehemu ya pili unayoitafuta ni kile cha kwanza kwa Kiswahili. Sisemi mzaha. Mtu anaandika kuhusu utoto wa Kigoma, msoto wa Manzese na mteja wa Kariakoo, kisha anaandika kwa lugha ambayo nusu ya wahusika wake hawawezi kuisoma. Mama yake mzazi anashika kitabu, anatazama picha, anakirudisha juu ya kabati. Kumbukumbu za Mzee Ali Hassan Mwinyi zilitoka kwa Kiswahili mwaka 2021, na ukisoma unamsikia mzee mwenyewe anavyozungumza, na vituo vyake.

Ila usitafsiri sentensi kwa sentensi. Funga kile cha Kiingereza, kaa chini, isimulie upya. Utashangaa ni mambo mangapi yatarudi yenyewe: matusi ya konda, majina ya utani, nyimbo za mchakamchaka.

Kuna mtu amejitolea kuniandikia. Ni sawa?

Ni sawa, ni kazi halali. Ila ajue tu kwamba anayekuandikia sehemu ya pili asikilize kinasa sauti na wala asiegemee kitabu cha kwanza, la sivyo atakuiga vizuri kuliko wewe mwenyewe. Na makubaliano ya fedha yaandikwe kabla ya sura ya kwanza.

Ambaye hakusoma cha kwanza ataelewa?

Lazima aelewe. Mwandishi wa Marekani Maya Angelou aliandika vitabu 7 vya maisha yake, cha kwanza mwaka 1969 na cha mwisho 2013, na unaweza kuanzia popote. Aliweza kwa sababu kila kimoja kimeshika kipindi chake, na cha kwanza kilimwacha akiwa binti mdogo tu mwenye mtoto mchanga. Hakuwa amefunga maisha yote kwa kufuli la "hatimaye nikafanikiwa." Kama unaandika cha kwanza sasa hivi na unawaza mbele, chukua hilo kwake: simulia kipande, acha mlango wazi.

Kwa wewe uliyekwisha kufunga kufuli, usijaze sura ya kwanza ya kitabu kipya kwa muhtasari wa kile cha zamani. Aya mbili zinatosha.

Naweza kukuletea mswada wangu wa pili?

Lete. Uwe umechapwa, si picha za daftari kwenye WhatsApp, macho yangu hayawezi tena. Njoo pia na nakala ya kitabu chako cha kwanza ambayo umeipitia na kalamu nyekundu, ukapiga mstari chini ya kila sentensi ambayo leo usingeiandika. Hiyo ndiyo nitakayoanza kuisoma.